Kung'oa kapeti na kupiga bedilaina kwenye sakafu ya Land Cruiser: naomba ushauri kabla sijaanza

Daktari wa mifugo, Monduli

Ndugu zangu, habari za siku nyingi, na shikamooni wakubwa zangu. Swali langu ni refu kidogo, naomba mnivumilie, kwa sababu nimekwishalifungua gari na sitaki kulifunga tena likiwa na ugonjwa uleule.

Ninatumia Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2. Kazi yangu ni kutibu mifugo, na karibu kila wiki ninakwenda Engaruka, Gelai au vijiji vilivyo kando ya Ziwa Natron, ambako wakati wa kiangazi ni vumbi lenye chumvi za magadi na wakati wa masika ni matope meusi yanayonata kwenye buti kama ulimbo. Nyuma ninabeba sanduku la dawa, kasha la baridi la chanjo, na mara nyingine ndama au mbuzi ambaye hali yake haimruhusu kusubiri. Wiki mbili zilizopita dumu la maziwa nililopewa bomani lilifunguka kifuniko wakati ninavuka korongo, na harufu yake haikutoka hata baada ya kusugua kapeti kwa sabuni mara tatu.

Jumapili nikafungua bolti nne za kiti cha abiria cha mbele na kuinua kapeti. Blanketi la nyuzi lililo chini yake lilikuwa limelowa kama godoro lililosahauliwa mvuani, ilhali mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha siku tisa kabla. Nilipolikamua kwa mkono lilitoa maji ya rangi ya chai. Chini kabisa niliokota hereni ya ng'ombe ambayo sikumbuki niliiangusha lini. Karibu na bolti ya mbele ya kiti, bati limefanya magamba ya kutu, na nilipolichokoa kwa ncha ya bisibisi, ncha ilipenya nikaona changarawe za uani kwangu.

Sasa ninafikiria kuachana kabisa na kapeti na kupiga bedilaina sakafu yote, yaani ule mpako mzito wenye chembechembe ambao watu huupiga kwenye bodi ya pikapu ili mizigo isikwaruze bati. Ninachotaka ni sakafu ninayoweza kuiosha kwa maji na brashi kila nikitoka kwenye zizi lenye ugonjwa, kwa sababu ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwa buti na kwa magari, na ninaona aibu ya kitaaluma kuwaambia wafugaji waoshe vyombo vyao huku kapeti langu limejaa samadi ya boma la jana. Naomba kujua kama mpako huu utaizuia kutu isiendelee, kama unaweza kupigwa juu ya zile bamba nyeusi za lami zilizobandikwa na kiwanda, na kama kelele na joto vitavumilika katika safari ya saa tano au sita.

Fundi bodi, Arusha

Marahaba, Daktari, na pole kwa ulichokikuta. Umefanya jambo la maana kuinua kapeti kabla ya kununua mpako, maana wengi hununua mpako kwanza, wakaniletea gari na kopo juu yake, na mimi ndiye ninayelazimika kuwapa habari ya kutu.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Bedilaina haiponyi kutu. Ni ngozi ngumu ya poliyurethani ambayo huzuia maji na mikwaruzo kutoka juu, lakini ikiwekwa juu ya bati lenye kutu, kutu hiyo huendelea kula chini yake kimyakimya, na kwa kuwa ngozi ni nzito na haionyeshi dalili mapema, siku utakayoona uvimbe utakuta bati limekwisha. Nimewahi kuibandua bedilaina kwenye gari moja kwa mkono mtupu, ikatoka kipande kizima kama ganda la muhogo uliochemshwa, na upande wake wa chini ulikuwa umebeba kutu yote ya sakafu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta maji yanaingilia wapi. Siku tisa bila mvua na blanketi bado linatoa maji upande wa abiria: kwangu hiyo ni dalili ya kiyoyozi, kwa sababu kipozea chake kwenye gari la usukani wa kulia kimekaa upande wa kushoto, nyuma ya kijisanduku cha dashibodi, na maji yake hutoka nje kwa mrija mmoja mwembamba. Egesha gari kivulini, washa kiyoyozi kwa nusu saa, kisha chungulia chini. Usipoona maji yakidondoka ardhini, mrija umeziba. Kwa vumbi la huko uendako, na kwa nyigu wanaopenda kujenga udongo ndani ya mirija, si jambo la ajabu. Baada ya hapo tandika magazeti makavu sakafuni, mtu mmoja akae ndani na tochi, na mwingine amwage maji kwa mpira kuanzia chini ya milango akipanda polepole hadi kwenye raba ya kioo cha mbele, ambayo kwa magari ya umri huu huwa imekakamaa. Msianzie juu, kwa sababu maji ya juu yatateremka na kuwachanganya, na hamtajua ni raba ipi iliyovuja.

Swali la pili: hapana, usipige juu ya bamba za lami. Lami hulainika kwa joto, bedilaina haishiki vizuri juu yake, na mara nyingi ukingo wa bamba hizo ndio unaoficha kutu. Zing'oe. Njia safi kuliko zote ni barafu kavu, ile ya kabonidioksaidi yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ambayo ukiimwaga juu ya bamba kwa dakika kadhaa lami hukakamaa na kuvunjika kwa kugongwa na nyundo ndogo. Lakini milango yote iwe wazi, kwa sababu gesi yake hukusanyika chini na kumkosesha mtu hewa. Ukiikosa, tumia bunduki ya hewa moto na kikwangulio, halafu mabaki uyafute kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji, kisha thina. Usiishie kwenye mafuta ya taa, maana huacha utando ambao rangi yoyote itaukataa. Jipangie siku nzima kwa hatua hii peke yake, kwa sababu ndiyo inayochosha watu mpaka wanaanza kuruka sehemu.

Lile tundu likatwe mpaka kwenye bati zima, lichomelewe kiraka cha bati la milimita 1, si kuzibwa kwa puti. Hapo ni karibu na bolti ya kiti, na kiti ndicho kinachomshika mtu gari linapogonga. Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri, sogeza nyaya zinazopita kando ya kizingiti cha mlango, na mtu alale chini kuangalia mabomba ya breki na ya mafuta yamepita wapi. Kiraka kikishapoa, maungio yazibwe kwa gundi ya bati juu na chini, na upande wa chini wa gari upakwe kinga yake, kwa sababu sakafu ina nyuso mbili na watu huukumbuka mmoja tu.

Bati lote lisuguliwe kwa brashi ya waya na baadaye kwa msasa wa namba 80 hadi 180. Pale palipobaki madoa ya kutu ndani ya vinyweleo tumia dawa ya kugeuza kutu, lakini ioshwe na kukaushwa kama maelekezo yake yanavyosema, kwa sababu praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayoshikana na bati, haipatani na mabaki ya tindikali. Praima ya epoksi ndiyo inayokinga bati hasa. Bedilaina ni koti linaloilinda praima. Kabla ya kupiga chochote, ziba nyuzi za bolti za viti na za mikanda ya usalama, na sehemu zote ambako nyaya za ethi zimefungwa kwenye bodi. Ethi ikifunikwa kwa mpako, utaanza kutafuta hitilafu za umeme ambazo hazikuwepo.

Kuhusu kiasi, kifurushi cha kawaida cha Raptor, ambayo ni aina mojawapo ya bedilaina, kina chupa nne zenye mililita 750 kila moja, unaongeza mililita 250 za hadina, yaani dawa ya kuukaza mpako, katika kila chupa, na unapata lita 4 kwa jumla. Kwa sakafu ya gari lako hizo zinatosha tabaka mbili. Usifanye kazi hii masika. Hadina yake ina kemikali iitwayo isosianeti, ambayo ikikutana na unyevu hutoa kabonidioksaidi, na vipovu vyake hubaki ndani ya mpako kama maandazi yaliyoumuka vibaya. Bati linaweza kuonekana kavu huku maji yamejificha kwenye maungio, kwa hiyo gari likae jua la siku mbili likiwa limefunguliwa milango.

Mwenye Defender, Nanyuki

Daktari, naomba nizungumzie swali lako la tatu, kwa sababu mimi nililipuuza na nikaishi na matokeo yake kwa mwaka mzima.

Nilipiga bedilaina ndani ya Land Rover Defender 110 yangu kutoka kwenye kizingiti hadi mlango wa nyuma, sikurudisha kitu chochote juu yake, na nikafurahia sana nilipoweza kuosha matope ya Marsabit kwa ndoo mbili za maji. Kisha tukasafiri na familia kuelekea Turkana. Kokoto zilizorushwa na magurudumu ziligonga sakafu kwa sauti kali kiasi kwamba mimi na mke wangu tuliacha kuzungumza, si kwa ugomvi, bali kwa kuchoka kupaza sauti. Ilipofika saa nane mchana, bati lililo juu ya giaboksi na bomba la ekzosi lilikuwa moto hata mwanangu aliyekaa katikati akainua miguu na kuikunja juu ya kiti, na alikaa hivyo mpaka tulipofika. Mpako wa milimita moja au mbili hauzuii joto la namna hiyo, na kelele hauzipunguzi kama watu wanavyodai; unaondoa mlio mkali wa bati kidogo tu.

Kapeti tunalolidharau lilikuwa likifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na hiyo moja ya kunyonya maji isitusahaulishe ile ya kuzuia sauti na joto. Nilichofanya baadaye, na ambacho ninakipendekeza kwako, ni kuweka juu ya bedilaina tabaka la sponji lenye vinyweleo vilivyofungwa, ambalo halinywi maji, na juu yake mkeka mzito wa mpira uliokatwa kufuata umbo la sakafu. Vyote viwili nimevilaza tu bila gundi. Kila nikirudi safari ninavivuta nje kwa dakika chache, ninaviosha na kuvianika uani, na sakafu yenyewe inakauka. Anayevibandika kwa gundi atakuwa amelirudisha lile blanketi lake kwa jina jingine, maana maji yatapenya pembeni na hayatapata njia ya kutoka.

Jambo jingine: sakafu ya kiwandani huwa na matundu yenye vizibo vya mpira. Msiyafunike kwa mpako. Toa vizibo, piga mpako kuzunguka kingo za matundu, halafu virudishe vikiwa vipya, na siku ya kuosha utavichomoa ili maji yateremke yenyewe.

Mstaafu wa karakana, Tanga

Wanangu, nimesoma maelezo ya fundi wa Arusha na sina la kuyapunguza, ila naomba niongeze moja ambalo lingepaswa kutangulia mengine yote. Amezitaja isosianeti kwa ajili ya vipovu. Mimi ninazitaja kwa ajili ya mapafu.

Katika karakana niliyofanyia kazi kulikuwa na kijana hodari wa kupuliza rangi, aliyekuwa akijifunga kitambaa puani na kuona kwamba inatosha. Baada ya miaka kadhaa ya rangi zenye hadina alianza kukohoa usiku, akadhani ni vumbi la msasa. Mwisho ikawa hawezi hata kuingia chumba ambamo mtu mwingine alikuwa amepuliza asubuhi. Kifua kilimbana akatoka nje akishika ukuta. Hospitali walimwambia ni pumu iliyotokana na kazi, na ndivyo ilivyo kwa kemikali hizi, kwamba mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana huamsha ugonjwa. Aliacha ufundi akiwa bado hajafika umri wa miaka thelathini.

Ndani ya gari hatari huwa kubwa zaidi kuliko kwenye bodi ya pikapu, kwa sababu umeinama ndani ya kisanduku na ukungu wote unakurudia usoni. Anayepuliza avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, miwani na glavu, na avae mavazi yanayofunika ngozi, kwa sababu isosianeti huudhuru mwili hata kwa kugusa ngozi. Kitambaa hakizuii kitu, wala barakoa ya karatasi haizuii. Kama hewa ya kuletwa haipatikani, basi pakeni kwa rola na brashi, milango yote ikiwa imefunguliwa na hewa inapita. Sura yake haitakuwa nzuri kama ya kupuliza, na glavu na miwani bado zinahitajika, lakini ukungu wa kuvuta puani unapungua sana.

Daktari wa mifugo, Monduli

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa dhati. Nilikuwa nimepanga kupuliza mwenyewe uani nikiwa na barakoa ninayotumia ninapopasua mizoga. Sitafanya hivyo tena.

Nimefuata kipimo cha kiyoyozi. Baada ya nusu saa hapakuwa na hata tone chini ya gari, na gazeti la upande wa abiria lilikuwa limelowa kona nzima. Nilipochomoa mrija kulitoka gololi ya udongo mwekundu, imefinyangwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na buibui wawili waliokauka, akiba ya watoto wa nyigu. Maji yalimwagika mara moja kujaza nusu kikombe. Kipimo cha mpira wa maji kilionyesha pia raba ya mlango wa nyuma inavuja upande wa chini kushoto, ila kioo cha mbele ni kizima.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Ninaua vimelea kwa maji yenye sodiamu kaboneti ya asilimia 4, na mara nyingine dawa ya klorini. Je, mpako utavistahimili? Na je, chembe kubwa zinazosifiwa kwa kuzuia kuteleza hazitanifungia samadi ndani yake?

Fundi bodi, Arusha

Daktari, sodiamu kaboneti kwa kiasi hicho haitaudhuru mpako uliokomaa, lakini neno la kushika hapo ni kukomaa. Bolti za viti zisirudishwe kabla ya siku tatu, na dawa zako zisiguse sakafu kabla ya wiki moja kamili. Klorini ningeiepuka ndani ya gari, si kwa ajili ya mpako, bali kwa ajili ya kila mahali ambapo bati au bolti imebaki wazi, maana hula chuma haraka. Ukilazimika kuitumia, suuza kwa maji mengi mara baada ya muda wake kutimia.

Kuhusu chembe, hofu yako ni ya kweli, na kwa kazi yako ningezifanya ndogo kadiri inavyowezekana. Ukipuliza kwa hewa kidogo na bunduki ikiwa karibu, unapata uso wenye vilima vinavyong'ang'ania matope na kuchubua magoti ya mtu anayepiga magoti kumshika ndama. Hewa ikiongezwa na fundi akirudi nyuma kidogo, uso unakuwa laini zaidi na brashi inafika kila mahali. Rola huacha chembe kubwa zaidi, kwa hiyo kama utachagua rola kwa sababu aliyoieleza Mzee, basi eneo la nyuma la wanyama ulifunike kwa mkeka wa mpira ulio laini juu. Mimi ninayo barakoa ya kuletewa hewa, na nilijifunza kuinunua baada ya kuona mambo kama hayo aliyoyasimulia. Ukileta gari, nitapuliza mimi.

Daktari wa mifugo, Monduli

Nimekubali, fundi. Nitang'oa lami mwenyewe wiki hii pamoja na kijana wangu, nibadilishe raba ya mlango wa nyuma, na kuliacha gari juani siku mbili kama ulivyosema. Jumamosi nitakuletea likiwa bati tupu, ukate kiraka cha chini ya kiti kwanza. Sponji na mkeka wa mpira nitanunua baada ya sakafu kukomaa, ili nipime umbo lake halisi. Kapeti la zamani nimeliosha na kuliweka stoo, lakini lile blanketi la nyuzi nimelichoma moto.